Fomati ya kati: chagua ukubwa wa fremu kabla ya kuchagua kamera

Mtu akiuliza anunue kamera gani ya fomati ya kati, karibu kila mara hutajiwa jina la kampuni. Jibu hilo linakuja mapema mno. Fomati ya kati, yaani fremu (eneo la picha moja) iliyo kubwa kuliko ile ya filamu ya milimita 35, si saizi moja bali ni ukoo mzima wa saizi, na wana wa ukoo huo hawafanani. Sensa ya kidijitali, yaani kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu, ya milimita 44 kwa 33 ina eneo mara 1.7 tu ya fremu ya filamu ya milimita 35. Fremu ya filamu ya 6×9 ina eneo mara 5.4 ya hiyo hiyo. Zote mbili huuzwa kwa jina moja, ilhali lenzi zake, kina chake cha fokasi (eneo la mbele na nyuma linaloonekana kali), uzito wa kamera na idadi ya picha kwa kila filamu viko mbalimbali kabisa. Ukishajua fremu unayoihitaji, orodha ya kamera hupungua yenyewe hadi tatu au nne.

Filamu moja, fremu nyingi

Upande wa filamu, karibu kila kitu leo kinatumia filamu ya 120. Namba hiyo haipimi chochote. Ni namba ya bidhaa ambayo Kodak waliipa filamu ya kamera yao ya Brownie No. 2, iliyotoka mwaka 1901, ikabaki. Filamu yenyewe ina upana wa takriban milimita 61, haina matundu pembeni, na imelazwa juu ya karatasi ndefu inayoizuia isipate mwanga. Ndugu yake wa 220, aliyekuja mwaka 1965, alikuwa na karatasi mwanzoni na mwishoni tu, kwa hiyo spuli (kijiti cha kuzungushia filamu) ile ile ilibeba filamu ya urefu maradufu. Sasa ni nadra mno kupatikana, hivyo usinunue kamera kwa ajili yake. Filamu ya 620 ni ile ile ya 120 iliyozungushwa kwenye spuli nyembamba. Kamera ya 620 inaweza kutumika ukihamisha filamu ya 120 kwenda spuli ya 620 ndani ya giza totoro.

Majina kama 6×6 na 6×7 yanataja sentimita, lakini kwa kukadiria. Lazima kingo za filamu zikae juu ya reli za kamera, kwa hiyo upande wa "sita" kwa kweli ni milimita 56 hivi. Kutoka hapo, vipimo halisi huwa karibu na hivi:

6×4.5 ni milimita 56 kwa 41.5, picha 15 au 16 kwa filamu moja
6×6 ni 56 kwa 56, picha 12
6×7 ni 56 kwa 70, picha 10
6×8 ni 56 kwa 76, picha 9
6×9 ni 56 kwa 84, picha 8
6×12 hutoa picha 6, na 6×17 hutoa picha 4 tu

Idadi hiyo ya picha inastahili kufikiriwa kwa makini kuliko watu wanavyodhani. Ukipiga picha za harusi kwa 6×7, utabadilisha filamu kila baada ya picha kumi, na kubadilisha kwa mkono uliozoea huchukua dakika nzima au zaidi. Tukio halisubiri. Kwa mandhari au picha za watu waliokaa, kumi zinatosha na wakati mwingine zinasaidia kutuliza mkono.

Umbo la fremu huamua unavyoishika kamera

Tuanze na mraba. Fremu ya 6×6 haina wima wala ulalo, kwa hiyo kamera haihitaji kugeuzwa kamwe. Ndiyo maana kitazamio cha kiunoni, kile unachokitazama kutoka juu huku kamera ikiwa tumboni, kinafanya kazi vizuri sana kwenye Rolleiflex, Hasselblad ya mfululizo wa 500 au Yashica Mat. Picha kwenye kioo inakuwa imegeuzwa kushoto kulia. Jicho hulizoea hilo baada ya filamu chache.

Sasa chukua kitazamio hicho hicho ukifunge kwenye kamera ya 6×4.5. Kwa picha ya ulalo hakuna shida. Ukitaka picha ya wima ya mtu, unalazimika kulaza kamera ubavu, na kioo cha kutazamia sasa kinaangalia kando, picha ikiwa juu chini. Haifai. Kamera ya 6×4.5 yenye lenzi za kubadilisha, iwe Mamiya 645 au Bronica ETR, inahitaji kitazamio cha prizimu cha kuwekea jicho. Ukikuta mwili wa bei nafuu ulio na kitazamio cha kiunoni peke yake, hesabu na gharama ya prizimu kabla ya kufurahi.

Mamiya walilitatua tatizo hili kwa njia nyingine kwenye RB67 ya mwaka 1970: badala ya kugeuza kamera, unazungusha kisanduku cha filamu kilichopo nyuma. Ni suluhisho zuri sana, ila gharama yake ni uzito. RB67 pamoja na lenzi yake ya kawaida hupita kilo mbili na nusu, na kuibeba shingoni kutwa nzima ni adhabu. Iweke kwenye tripodi na hutakuwa na malalamiko.

Fremu ya 6×7 ina uwiano wa 4 kwa 5, ambao ni sawasawa na karatasi za kuchapia za inchi 8 kwa 10 na 16 kwa 20. Hukati chochote. Mraba wa 6×6 ukiukata kuwa 4 kwa 5, unabaki na milimita 56 kwa 45, yaani karibu kabisa na 6×4.5. Kwa hiyo mtu anayejua kwamba atakata kila picha iwe mstatili anabeba mraba bure, angechukua 6×4.5 na kupata picha tatu au nne za ziada kwa kila filamu. Anayependa mraba wenyewe, kwa utulivu wake, hana haja ya kushawishiwa na hesabu hizi.

6×9 ina uwiano wa 3 kwa 2 kama filamu ya milimita 35, ni rahisi kwa jicho lililozoea kamera hizo. Kabla hujaichagua uliza swali moja: mashine yako ya kukuzia picha inafika wapi? Nyingi za nyumbani zinaishia 6×7. Skana pia zina vishikio vyenye mipaka.

Lenzi: hesabu ya kukumbuka

Lenzi ya "kawaida" huwa na urefu wa fokasi unaokaribia ulalo wa fremu kutoka kona hadi kona. Ulalo huo ni milimita 43 kwa filamu ya 35, milimita 70 kwa 6×4.5, 79 kwa 6×6, 90 kwa 6×7 na 101 kwa 6×9. Ukigawa 43 kwa ulalo wa fremu yako, unapata kizidishi cha kubadilishia: 0.62 kwa 6×4.5, 0.55 kwa 6×6, 0.48 kwa 6×7, 0.43 kwa 6×9. Kwa sensa ya 44×33 ni 0.79, na kwa sensa kubwa ya 53.4×40 ni 0.65.

Kizidishi hicho hutumika mara mbili. Zidisha urefu wa fokasi, utajua lenzi inaona upana gani ukilinganisha na milimita 35. Zidisha na namba ya apacha, yaani tundu linalopitisha mwanga, utajua kina cha fokasi kitafanana na kipi. Lenzi ya milimita 80 yenye f/2.8 kwenye 6×6 inaona kama milimita 44 na kuachia ukungu wa nyuma kama f/1.5. Lenzi maarufu ya Pentax 67, milimita 105 f/2.4, inakuwa kama milimita 50 yenye f/1.2. Ndiyo siri ya zile picha ambazo uso umesimama mbele na nyuma yake kila kitu kimeyeyuka. Tahadhari: kizidishi hakigusi mwangaza. Kipimamwanga kikisema f/8, ni f/8 kwa kamera yoyote.

Kinachopendeza kwenye picha ya uso kinatesa kwenye mandhari. Tuseme una lenzi ya milimita 90 kwenye 6×7, umefunga hadi f/16, na unataka milima ya mbali ionekane kali. Ukiweka fokasi kwenye mita 8.4 hivi, vitu vitakuwa vikali kuanzia mita 4.2 hadi upeo wa macho. Kwenye milimita 35, lenzi ya 43 kwa f/16 ile ile ingeanza na mita 2 tu. Ili upate kina sawa kwenye 6×7 lazima ufunge karibu stopu mbili zaidi (kila stopu hupunguza mwanga nusu), hadi karibu na f/32, na shata, yaani mlango unaofunguka kuruhusu mwanga, inapungua kasi mara nne. Hapo ndipo tripodi inapogeuka kutoka pambo kuwa sehemu ya kamera. Wengi wanaohama kutoka kamera ndogo hulaumu lenzi kwa mandhari "laini" wakati kosa ni kwamba walifunga f/8 kama walivyozoea.

Kwa picha za karibu kuna mtego mwingine. RB67 na ndugu yake RZ67 hutumia mvukuto (mkunjo unaorefuka na kufupika kati ya lenzi na mwili) kuweka fokasi, na kadiri lenzi inavyosogea mbele ndivyo mwanga unavyofifia kabla ya kufika kwenye filamu. Chukua lenzi ya milimita 127 na mvukuto uliotolewa hadi mwisho, milimita 46. Jumla ni 173. Gawa kwa 127, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata 1.86, karibu stopu nzima. Usipoongeza mwanga huo, negativu itatoka nyembamba na vivuli vitakosa maelezo. Pembeni mwa kamera hizo kuna mistari inayoonyesha nyongeza inayohitajika. Isome kila unapokuwa karibu na uso wa mtu.

Shata ipo wapi?

Swali hili huwagawa wapiga picha kuliko ukubwa wa fremu. Kuna shata ya pazia, iliyo mbele ya filamu ndani ya mwili wa kamera, na kuna shata ya majani iliyo ndani ya lenzi. Pazia kubwa la fomati ya kati ni zito na huchelewa kufunguka lote, kwa hiyo kasi ya juu ya kutumia flashi huwa ndogo: 1/60 kwenye Pentax 645 ya filamu, 1/30 kwenye Pentax 67. Shata ya majani hukubali flashi kwa kasi zote, hadi 1/500 kwenye Hasselblad 500 na 1/400 kwenye RB67.

Tazama maana yake mchana wa jua kali. Kwa filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), mwanga sahihi ni 1/125 kwa f/16. Ukitaka kujaza kivuli usoni kwa flashi ukiwa na shata ya majani, unaweka 1/500 kwa f/8. Ukiwa na Pentax 67 unalazimika kushuka hadi 1/30, na apacha inapaa hadi f/32. Flashi yako sasa lazima itoe mwanga mara 16 ya ule wa f/8, na ukungu wa nyuma ulionunulia kamera hii umepotea. Anayepiga picha za watu nje kwa flashi achukue shata ya majani bila kusita. Asiyetumia flashi apuuze jambo hili, kwa sababu kamera za shata ya pazia zina faida yake: lenzi zake ni rahisi zaidi kutengeneza, hivyo huwa na apacha pana na kasi ya juu, 1/1000 badala ya 1/500.

Kioo cha ndani, kinachoakisi picha kwenda kwenye kitazamio na kupanda unapopiga, nacho kina lake. Kioo cha Pentax 67 kinapopanda, kamera nzima hutikisika, na shata yake ya pazia huongeza msukosuko. Ukiiweka kwenye tripodi kwa kasi kati ya 1/30 na sekunde moja, inua kioo kwanza, subiri sekunde mbili, halafu piga. Si miili yote ya mwanzo ya Pentax 6×7 iliyo na swichi ya kuinua kioo. Itafute upande wa mwili kabla ya kununua. Kwenye RB67 unageuza pete ya lenzi iende M, kitufe cha mwili kinainua kioo, na waya wa kupigia uliofungwa kwenye lenzi ndio unaofungua shata. Pentax 67, hata ile isiyo na kipimamwanga, haipigi kabisa bila betri ya volti 6. Beba ya akiba.

Kuweka filamu, mahali picha nyingi hufia

Filamu ya 120 hairudishwi nyuma. Inatoka spuli moja na kuishia kwenye nyingine, na spuli iliyobaki tupu unaihamisha iwe ya kupokea filamu ijayo. Usiitupe.

Fanya kazi kivulini. Geuka, mwili wako uwe kati ya jua na kamera. Ondoa utepe wa karatasi kwenye filamu mpya huku umeibana kwa kidole gumba isifunguke. Chomeka ncha ya karatasi kwenye mwanya wa spuli tupu, iwe katikati kabisa. Ikienda upande, karatasi itapanda ukingo wa spuli na mwanga utaingia. Upande mweusi wa karatasi ndio unaotazama lenzi. Ukiugeuza, utapiga filamu nzima kupitia karatasi na kupata plastiki tupu, na hakuna namna ya kuokoa. Hili hutokea zaidi kwenye visanduku kama vya Hasselblad na RB67, kwa kuwa filamu huzunguka bamba kabla ya kufika kwenye spuli ya pili, na mkono hukosea mwelekeo.

Zungusha hadi mshale wa karatasi ulingane na alama ya kamera. Wakati wote huo kidole gumba kigandamize kidogo spuli yenye filamu. Mvutano huo ndio unaofanya filamu ijizungushe kwa kukaza. Ikilegea, mwishoni inatoka nene kuliko spuli, kingo zake zinachungulia nje, na mwanga unatafuna pembeni mwa picha kila baada ya mzunguko. Filamu ikitoka hivyo, izungushie karatasi ya aluminiamu papo hapo na uiweke gizani.

Rolleiflex Automat zina jambo la pekee: ncha ya karatasi lazima ipite katikati ya roli mbili za chini, kwa sababu ndizo zinazohisi unene pale filamu inapoanza. Ukiipitisha juu ya roli zote mbili, kihesabio hakianzi, nawe utazungusha mpaka mwisho bila kupiga hata moja. Kamera za kukunja za zamani zenye dirisha jekundu nyuma hazina kihesabio. Karatasi ya filamu ina safu tatu za namba, za 6×4.5, 6×6 na 6×9, na dirisha huwa mbele ya safu inayohusika. Fungua kamera kwanza, kisha ndipo uzungushe filamu kwenda picha inayofuata. Mvukuto unapofunguka kwa haraka hufyonza hewa na kuivuta filamu mbele. Ukiizungusha baadaye inakazwa tena na kulala bapa.

Kwa kamera zenye visanduku vya kubadilisha, kuna kibati chembamba kinachokinga filamu. Hasselblad haikuruhusu kutoa kisanduku kama kibati hakijaingizwa, wala haipigi picha kikiwa ndani. Kitufe kikikataa kushuka, angalia kibati kabla ya kutumia nguvu. Na kamwe usibadilishe lenzi ya Hasselblad 500 kabla ya kuzungusha kishikio. Mwili na lenzi lazima vyote viwe vimejazwa, yaani springi zake zimekazwa tayari kupiga. Kimoja kikiwa kimejazwa na kingine hakijajazwa, vinaganda pamoja, na kuvitenganisha kwa pupa kunaharibu kijiti cha ndani.

Negativu zenyewe husema kilichoharibika. Alama ya mwanga inayojirudia mahali pale pale kwenye kila fremu inatoka kwenye kamera au kisanduku, mara nyingi kutokana na sponji za kuzuia mwanga zilizooza na kugeuka kama lami. Safisha masalia kwa spiriti safi na kijiti, ubandike mpya. Mwanga ulio ukingoni mwa filamu, nje ya fremu na ndani yake, umetokana na kulegea. Fremu zinazopandana au zenye nafasi zisizo sawa huashiria gia za kuzungusha zimechakaa. Mstari wa mwanga upande mmoja wa picha kwenye Hasselblad ni muhuri wa tundu la kibati. Hubadilishwa kwa dakika chache na haugharimu sana.

Kusafisha na kuskani

Filamu moja ya 120 ina eneo karibu sawa na filamu ya milimita 35 ya picha 36, kwa hiyo inakula dawa kiasi kile kile, ila ni pana na inahitaji kimiminika kirefu zaidi ili izame. Kwenye tangi la Paterson, weka mililita 500 badala ya 290. Ukitumia dawa ya Rodinal ya 1+50, ni mililita 10 za dawa na 490 za maji.

Gizani, ukifungua spuli, kwanza unakutana na karatasi tupu, halafu ncha huru ya filamu, na mwishoni kabisa pale filamu ilipobandikwa utepe. Utoe utepe polepole. Ukiuchomoa kwa nguvu unatoa cheche ndogo ya umeme tuli inayoacha alama kwenye picha. Wengi hawautoi, wanaukunja juu ya ncha ya filamu na kuanza kuingiza upande huo kwenye gurudumu, kwa kuwa ncha hiyo imekuwa ngumu kidogo na inateleza vizuri. Filamu hii ni pana na laini, hivyo ikipinda ghafla mkononi hupata kovu dogo la umbo la mwezi mwandamo ambalo dawa haiwezi kulifuta. Ikikwama usiisukume, irudishe nyuma na uanze upya. Gurudumu lazima liwe kavu kabisa.

Skana bapa ya nyumbani inatoa maelezo halisi ya takriban nukta 2,400 kwa inchi, hata kama sanduku lake linatangaza namba kubwa zaidi. Kwa kiwango hicho 6×6 inatoa pikseli 5,290 kwa kila upande, megapikseli 28. 6×7 inatoa 35. Filamu ya milimita 35 ingeishia chini ya 8. Hapo ndipo tofauti ya ukubwa inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote: skana ambayo ni duni kwa filamu ndogo inatosha kabisa kwa 6×7, na picha ya 6×6 inachapika upana wa sentimita 45 kwa nukta 300 kwa inchi. Ukiskani kwa kamera ya kidijitali ya megapikseli 24, mraba hukaa ndani ya upande mfupi wa sensa, wenye pikseli 4,000, na unabaki na 16 tu. Piga vipande viwili au vinne na uviunganishe. Negativu iliyobinuka katikati itakuwa kali pembeni na laini katikati. Iweke chini ya kitabu kizito siku nzima, au tumia kioo kisicholeta miduara ya rangi.

Upande wa kidijitali

Hapa saizi kuu ni mbili. Fujifilm GFX, iliyoanza na GFX 50S mwaka 2017, na Hasselblad X, iliyoanza na X1D mwaka 2016, hutumia sensa ya 44×33, kama Pentax 645D ya mwaka 2010 ilivyofanya kabla yao. Phase One, kwa mfano IQ4 150MP, hutumia 53.4×40, ambayo inakaribia 6×4.5 ya kweli.

Kuhusu ukungu wa nyuma, tuseme wazi. Lenzi ya GFX ya milimita 63 f/2.8 ni sawa na milimita 50 f/2.2. Kamera ya fremu kamili, ile ya milimita 24 kwa 36, yenye lenzi ya 50 f/1.4 itayeyusha nyuma zaidi, kwa uzito na fedha kidogo. Isipokuwa lenzi chache, kama ile ya milimita 110 f/2 inayolingana na 87 f/1.6, usiinunue 44×33 kwa ajili ya ukungu. Inunue kwa wingi wa pikseli, kwa mpito laini wa rangi angani na kwenye ngozi, na kwa nafasi ya kurekebisha vivuli baadaye bila kuchafuka. Hasselblad X ina nyongeza yake: lenzi za XCD zina shata ya majani ndani, na flashi hufanya kazi hadi 1/2000 kwenye nyingi kati ya zile za kwanza.

Sensa ya megapikseli 102 hufichua kila uzembe. Kanuni ya zamani ya kutumia shata yenye kasi sawa na urefu wa lenzi haitoshi. Kwa lenzi ya 63 anza na 1/125 kama kamera haina kitulizi cha mtikisiko. Pikseli zake zina upana wa mikromita 3.76, na ukifunga kupita f/11 mwanga huanza kupinda kwenye ukingo wa tundu na kulainisha picha. f/16 bado inatumika, f/22 usiiguse. Kwa mandhari yenye kina kirefu ni bora upige picha nne au tano kwa fokasi tofauti na kuziunganisha. Shata ya kielektroniki husoma sensa kubwa polepole, hivyo gari linalopita litaonekana limeinama na taa za LED zitachora mistari. Itumie kwa vitu vilivyotulia tu.

Faili ghafi ya biti 16 isiyobanwa kutoka sensa ya megapikseli 102 hupita megabaiti 200. Picha 300 za kazi moja ni gigabaiti 60, na bado hujaweka nakala ya pili.

Anayetaka kufunga kisanduku cha kidijitali kwenye mwili wa zamani wa 6×6 akumbuke kwamba sensa ya 44×33 inachukua katikati tu ya mraba. Lenzi ya 80 inaanza kuona kama 63, na ile ya 50 uliyoinunua kwa upana inakuwa karibu lenzi ya kawaida. Kioo cha kutazamia kilichosogea hata sehemu ndogo ya milimita, ambacho filamu ilikisamehe, kitatoa fokasi nyuma ya jicho la unayempiga kwenye kila picha. Piga rula iliyolazwa kwa mshazari ukiwa na apacha wazi kabisa. Ukali ukiangukia mbele au nyuma ya alama uliyoilenga, kioo kinahitaji fundi kabla ya kazi yoyote ya kulipwa.